Karibu Tule

Mkono uliompa kile kipande ulikuwa wangu. Naanza na hilo kwa sababu nyumbani kwetu jambo hili husimuliwa kwa namna ya kunisitiri: "alipewa parachichi", "alikula parachichi", kana kwamba tunda lilitoka kwenye sinia likaenda lenyewe. Nilimpa mimi, mtu mzima mwenye akili timamu, magharibi moja ya Ramadhani ya mwaka 2019, ukumbini kwa bibi yangu mjini Tanga. Nilimpa kwa mapenzi. Kabla ya daku ya usiku uliofuata alikuwa amekufa.

Alikuwa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, jina lake Mwinyi. Babu alikuwa mfanyakazi wa reli, na mwaka 1986 mwenzake wa kazi aliyetoka Kigoma alimletea kasuku mchanga ndani ya kikapu kilichofunikwa kipande cha kanga. Zama hizo hatukusikia mtu akiuliza habari za kibali. Ndege alitundikiwa tundu karibu na mlango wa ukumbi, mahali pa kuona baraza kwa jicho moja na chakula kwa jicho la pili, akakaa hapo miaka thelathini na mitatu.

Babu alikuwa na desturi ya watu wa pwani aliyoishika kwa nguvu kuliko wengi. Hakuwa akitia tonge la kwanza mdomoni kabla hajamkaribisha aliyepo, awe mgeni wa heshima, awe fundi aliyekuja kuziba bati, awe mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi. "Karibu tule," kisha kikohozi kidogo, kisha bismillahi. Mwinyi alilisikia neno hilo mara tatu kwa siku, na kasuku wa kijivu si ndege wa kusikia neno mara elfu akaliacha lipite. Babu alipofariki mwaka 2004, tulidhani sauti ile imezikwa. Siku ya tatu ya msiba, sahani zilipoanza kugongana jikoni, tundu likasema: "Karibu tule," na kikohozi kikafuata. Bibi alinyanyuka akaenda chumbani. Baada ya miezi michache alishindwa kula bila kukaribishwa.

Sasa, mtu akikukaribisha chakula mara tatu kwa siku, nawe unaweza kula mbele yake bila kumpa chochote? Kwetu haiwezekani. Kila aliyepita pale aliingiza kitu kati ya nyaya: ukoko wa wali, kipande cha chapati, mfupa wa kuku ambao Mwinyi aliuvunja kwa mdomo wake ili afyonze uboho. Bibi alikuwa na sheria zake chache. Chai hapewi, vyenye chumvi nyingi hapewi, na mtu asimlishe kutoka mdomoni mwake. Sheria hizo hakuzisoma mahali, lakini zote zilikuwa sahihi. Kafeini inauvuruga moyo wa ndege, chumvi inayaumiza mafigo yake, na mate ya binadamu yana bakteria ambao mwili wa ndege haukuzoea. Alimpa mtama, mahindi mabichi, choroko za kuchemsha, mchicha kidogo, papai asubuhi, na pilipili. Wageni walishangaa sana wakimwona ndege anatafuna pilipili mbuzi kama mtu anayekula karanga. Ndege hawausikii ukali wa pilipili. Mwili wao hauna kipokezi kinachoitikia ule muwasho unaotutoa sisi machozi. Wao hula tunda na kwenda kuitupa mbegu mbali, na mti unaongezeka. Zaidi ya hapo, pilipili nyekundu ina kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na kasuku wanaolishwa nafaka na mbegu kavu peke yake hupungukiwa nayo sana.

Nilikuwa nimepanda Lushoto kwa shughuli zangu za kazi. Anayeteremka kutoka milimani hashuki mikono mitupu. Nilinunua ndoo ya maparachichi, makubwa, ya kijani, yenye nyama ya manjano kama siagi. Nilifika Tanga alasiri, nikampa bibi shikamoo, akaitikia marahaba na kuongeza utani wake wa siku zote, "Mume wangu umekuja na mahari?" Maparachichi mawili yaliyokwisha kuiva tukayapeleka mezani siku hiyo hiyo. Moja lilisagwa juisi. La pili nililikata vipande mwenyewe, nikaviweka kwenye sahani pembeni ya mihogo ya nazi na tambi.

Adhana ikaingia. Tende, maji, uji. Sahani zikaanza kulia. "Karibu tule," Mwinyi akasema.

Nilichukua kipande cha parachichi nikampelekea. Alikipokea kwa mguu wa kushoto kama ilivyokuwa kawaida yake, akakigeuza, akakionja kwa ulimi ule mnene mweusi, akala. Mafuta yalimpaka mdomo mzima. Watoto wakacheka, nami nikaenda kumletea kipande cha pili. Hapakuwa na dalili yoyote ya kunizuia. Hakukitema, hakukitupa chini kama alivyotupa vitunguu. Alikipenda. Nilirudi kukaa kwenye jamvi nikiwa na furaha ya mtu aliyemwonjesha mzee wake kitu kizuri kutoka safarini.

Usiku, wakati wa daku, sahani zililia na Mwinyi hakumkaribisha mtu. Bibi alisema, "Leo kashiba, kalala." Hapo ndipo palikuwa mahali pa kushtuka, na hakuna aliyeshtuka.

Asubuhi tulimkuta ameyatutumua manyoya mpaka anaonekana mnene, macho nusu yamefumba. Papai lake hakuligusa. Adhuhuri alikuwa ameshuka kwenye kijiti chake amekaa sakafuni mwa tundu, mahali ambapo sikuwahi kumwona hata siku moja. Msomaji mwenye ndege aikariri picha hiyo kuliko neno lingine lolote la makala haya. Ndege huficha ugonjwa. Porini anayeonyesha unyonge huchaguliwa na mwewe, kwa hiyo hujikaza, hula kwa kujilazimisha, hukaa wima mpaka nguvu za kujificha zinapomwishia. Siku unayomwona mgonjwa, ameumwa saa nyingi kabla yake. Ndege aliyetutumua manyoya na kukaa chini ya tundu hangojwi mpaka kesho.

Alasiri mkia ulianza kupanda na kushuka kwa kila pumzi, kama mtu anayevuta hewa kwa kutumia mgongo. Jirani alishauri maziwa ya kukata sumu, mwingine maji ya mwarobaini. Tulimtia matone ya maziwa mdomoni kwa kijiko, na hilo nalo lilikuwa kosa, maana ndege anayehema kwa shida akimiminiwa kitu mdomoni, kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa kikamkaba. Bwana mifugo alipofika alitukataza mara moja. Alisema afunikwe upande mmoja wa tundu, apate joto na utulivu, tusimshike hovyo. Kisha akauliza kuhusu kuku wa mtaani, kama wamekuwa wakifa, kwani kwanza alifikiria kideri. Kuku walikuwa wazima. Akakaa kimya kidogo, ndipo akauliza swali la pili: "Jana amekula nini ambacho hali siku zote?"

Bibi alinitazama mimi.

Yule bwana alisema kwa uaminifu kwamba yeye ni mtu wa ng'ombe, mbuzi na kuku, na kasuku hajapata kumtibu. Lakini alipolisikia neno parachichi alitikisa kichwa. Aliwahi kufanya kazi milimani, akaona mbuzi wa maziwa waliokula majani ya mparachichi: viwele vikavimba, maziwa yakakata. "Kama linamfanya mbuzi hivyo," alisema, akatazama tundu, hakumalizia.

Mwinyi alikufa saa tisa usiku, bibi akiwa amekaa kwenye kiti kando yake. Asubuhi bwana mifugo alirudi, na kwa ruhusa ya bibi akampasua uani chini ya mwembe. Aliniita nione. Mfuko unaouzunguka moyo ulikuwa umejaa maji, na mapafu yalikuwa yamelowa. Moyo wa ndege yule, mdogo kuliko shokishoki, ulikuwa umezamishwa ndani ya kifua chake mwenyewe.

Baadaye nilitafuta kuelewa, kwa sababu neno "mipango ya Mungu" ni kweli lakini halimwondolei mtu wajibu wa kujua mkono wake ulifanya nini. Mparachichi hujitengenezea kemikali iitwayo pesini, ambayo huukinga na kuvu. Ipo kwenye majani, kwenye gome, kwenye kokwa, kwenye ganda, na ipo kwenye nyama ya tunda pia. Binadamu hula parachichi na kunawiri. Lakini kwa ndege, pesini huharibu misuli ya moyo. Moyo ukishindwa kusukuma damu, maji hukusanyika kuuzunguka na kwenye mapafu. Dalili huanza ndani ya saa kadhaa, na kifo mara nyingi huja kati ya siku moja na mbili. Dawa ya kuikata sumu hiyo haipo. Daktari hana cha kufanya zaidi ya kumpa ndege hewa, joto na utulivu, na kupunguza maji mwilini kama ana vifaa vyake. Hata mbuni, ndege mkubwa kuliko wote, wamekufa huko Afrika Kusini baada ya kula majani na matunda ya mparachichi. Itakuwaje kwa kasuku, au kwa wale kasuku wadogo wa Australia wanaofugwa wawili wawili kwenye vitundu vya rangi?

Tangu hapo nimeshazungumza na wafugaji wengi, na kila mara yupo anayesema, "Wangu namlisha parachichi kila wiki na mzima." Sina shaka anasema kweli. Nguvu ya pesini haifanani kila mahali. Aina za mparachichi zenye asili ya Guatemala zimeonekana kuwa kali zaidi, na mchanganyiko wa aina umefanyika kiasi kwamba muuzaji wa sokoni hawezi kukuambia asili ya tunda analolipanga kwenye meza. Inategemea pia sehemu ya tunda, wingi wake, na ndege mwenyewe. Kwa hiyo aliyempa mara tano bila tatizo hajajua lolote kuhusu mara ya sita. Kiasi ambacho mtu anaweza kusema ni salama hakijulikani. Mimi huwajibu kwa upole, kisha huwaeleza kuhusu mfuko wa moyo uliojaa maji.

Wapo pia wanaosema kwamba mnyama anaijua sumu yake, asingeila. Maneno haya yana busara ndani yake, ila yana mpaka. Kasuku wa kijivu ni wa misitu ya Afrika, kutoka magharibi mpaka Kongo, Uganda na pembe ya Kakamega nchini Kenya. Matunda ya msitu huo anayajua kwa vizazi. Chikichi huzipenda mno. Parachichi ni mgeni. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na huko yuko ndege aitwaye quetzal ambaye humeza matunda ya jamii ya mparachichi mwitu yakiwa mazima na asidhurike, kwa kuwa amekua pamoja na miti hiyo tangu zama na zama. Babu zake Mwinyi hawakuwahi kukutana na tunda hilo. Ulimi wake haukuwa na habari yoyote ya kumpa.

Basi kwa nini alilila? Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa, na ndilo linaloniuma. Kasuku ni ndege wa kundi. Porini hula pamoja, na mchanga hujifunza cha kula kwa kutazama wenzake wanakula nini. Kundi la Mwinyi lilikuwa sisi. Aliona kundi lake lote limekaa kwenye jamvi, linakula kitu cha kijani na kucheka. Yeye mwenyewe ndiye aliyekaribisha. Alikula kwa sababu alituamini.

Ndiyo maana nasema furaha ya ndege anapokula si ushahidi wa chochote. Atachukua chokoleti, nayo ni sumu kwake. Atachukua kitunguu siku akitaka, na kitunguu huharibu chembe za damu yake. Na kipimo cha macho yetu kinatudanganya. Kasuku wa kijivu ana uzito wa karibu gramu 450. Kipande cha gramu 15, ambacho kwangu kilikuwa ncha ya kisu tu, kwake ni sawa na mtu wa kilo 60 kula kilo 2 kwa mkupuo. Nami nilimpa viwili. Wale wadogo wa Australia wana gramu 30 mpaka 40 tu. Ukimpa wa gramu 30 kipande cha gramu 3, umempa mtu mzima kilo 6. Hata tunda lisilo na sumu, kwa vipimo hivi, linageuka mzigo.

Siku chache baada ya Mwinyi kuzikwa chini ya mwembe, jirani yetu mwenye jozi nne za kasuku wadogo alikuja mbio. Mwanawe alikuwa anawapa matunda kila siku baada ya shule. Aliuliza awaondolee matunda yote? Nilimwambia hapana, na nasema hivyo mpaka leo. Hofu isiyo na elimu huwanyima ndege kitu chema. Papai ni zuri sana, na mbegu zake hazina madhara. Embe lililomenywa, pera, tikiti, komamanga, ndizi, zabibu, kipande cha chungwa lisilo kali: vyote ni halali kwake. Kinachotakiwa ni kujua kwamba tunda ni kionjo. Kati ya vyote anavyokula kwa siku, matunda yasizidi fungu moja kwa kumi, kwa sababu matunda yetu ya shambani yamechaguliwa na binadamu kizazi kwa kizazi ili yawe matamu, na yana sukari nyingi kuliko mengi ya msituni. Kwa kasuku mkubwa, vipande viwili vya ukubwa wa kunde vinatosha. Kwa mdogo, kimoja kama punje ya mtama. Nafasi kubwa iwe ya nafaka, mboga za majani, karoti, kunde na choroko zilizochemshwa bila chumvi. Alizeti na karanga nazo ziwe za kubahatisha, maana zina mafuta mengi, na karanga zilizohifadhiwa vibaya huota kuvu wenye sumukuvu ambayo huua ini la ndege kimyakimya.

Tulisimama na jirani uani tukayapitia mengine. Mbegu na makokwa yalimshangaza zaidi. Desemba, Lushoto inaposhusha plamu na pichi, nyama ya matunda hayo ni salama, lakini ndani ya kokwa mna kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa sianidi. Mbegu za matufaha ni vilevile, na mdomo wa kasuku umeumbwa kwa kazi hiyo hasa, kuvunja mbegu ambayo wewe ungeimeza nzima ikapita. Kwa hiyo tufaha hutolewa moyo wake wote kwanza. Mbegu za stafeli na topetope zitupwe pia. Tunda lioshwe vizuri kwa maji safi, kwani hatujui lilinyunyiziwa nini shambani, na embe limenywe.

Halafu kuna joto letu. Papai lililowekwa asubuhi saa mbili, ikifika saa sita mjini Tanga limeanza kuchacha, nzi wamelikalia, sisimizi wamepanga foleni. Ndege akirudi kulila anakula uozo. Bibi alikuwa na tabia ya kuliacha papai la Mwinyi mpaka jioni "akijisikia atakula", na tulibahatika kwamba halikumdhuru. Liondolewe baada ya saa moja, likizidi sana mbili, na sahani ioshwe. Jirani aliuliza pia kuhusu kinyesi, kwamba siku za tikiti huwa maji matupu. Hiyo ni kawaida, tunda lina maji, na komamanga linaweza kukipaka rangi nyekundu mpaka mtu akadhani ni damu. Kikirudi hali yake baada ya tunda kwisha, hakuna ugonjwa. Kisiporudi hadi kesho yake, tafuta daktari. Nilimshauri anunue mizani ndogo ya jikoni ya kupima gramu, awapime kila wiki na kuandika. Manyoya hudanganya macho, uzito haudanganyi.

Lililo gumu kuliko yote ni watu. Ungeweza kuyajua haya yote na bado ndege akafa, kwa sababu anayemlisha si wewe peke yako. Ni mtoto wa shangazi aliyekuja likizo, ni dada wa kazi anayemwonea huruma, ni mgeni kama mimi aliyeteremka na ndoo yake. Bibi hakunilaumu hata mara moja. Asubuhi ile ya mazishi alisema, "Ulimkaribisha, mume wangu. Hata babu yako angemkaribisha." Alitaka kunifariji, na nilishika miguu yake nikalia.

Lakini nimeyafikiria sana maneno yale, na nadhani babu, laiti angejua, asingemkaribisha. Mwenye ukarimu wa kweli humjua mgeni wake. Mtu mwenye kisukari hatumlundikii kaimati za shira tukasema ni mapenzi. Tunamuulizia, tunampikia chake pembeni, naye anashiba akiwa nasi kwenye jamvi lile lile. Hilo tulilijua siku zote kwa wajomba na mashangazi. Kwa Mwinyi hatukulifanya. Angeweza kuwa na sahani yake ndogo ya futari, papai na mtama uliochemshwa, apewe baada ya kukaribisha, naye angekula kwa raha ile ile. Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri huweza kufika miaka arobaini, hata sitini. Alikuwa na muda mwingi mbele yake.

Bibi hakutaka ndege mwingine. Isitoshe, tangu mwaka 2017 kasuku wa kijivu yumo kwenye orodha ya juu kabisa ya ulinzi katika mkataba wa CITES, na biashara ya kimataifa ya wale waliokamatwa porini imepigwa marufuku, kwa kuwa misitu imeachwa mitupu kwa ajili ya matundu ya watu wa mbali. Anayetaka kufuga leo aanzie kwenye ofisi ya wanyamapori, aulizie kibali, kabla hajamsikiliza mtu mwenye kikapu kilichofunikwa kanga.

Jirani yetu ndiye aliyefanya jambo ambalo ningetamani tungelifanya sisi. Alichukua kipande cha boksi, akaandika kwa herufi kubwa: HAPEWI PARACHICHI, CHOKOLETI, CHAI, KITUNGUU, MBEGU ZA TUFAHA. ULIZA KWANZA. Akakifunga kwa waya mbele ya tundu, usawa wa macho ya mtu mzima, na kingine chini yake usawa wa macho ya mtoto. Wewe mwenye ndege nyumbani, kiandike hicho kibao leo, ukitundike mahali ambapo mgeni atakiona kabla hajanawa mikono.